Ng'ombe wa Ndani ya Sanduku

Sajenti Pudensiana hakuwa na gari, maana Land Rover ya kituo ilikuwa imekwenda Longido kufuata nyayo za ng'ombe. Hakuwa na kamera. Hakuwa na glavu wala kipimo cha betri, na Kimaasai chake kiliishia kwenye salamu. Hakuwa na mkubwa aliyeamini kwamba safari yake ilikuwa na maana. Zaidi ya hayo yote, hakuwa na ujuzi wowote wa umeme wa jua. Nyumbani kwake, mgao ulipoingia, aliwasha mshumaa kama majirani zake.

Alichokuwa nacho ni swali moja.

Usiku wa Alhamisi, taa iliyokuwa ikiwaka juu ya zizi la Mzee Saning'o, upande wa magharibi wa Mlima Meru, ilizimika. Kulipokucha zizi lilikuwa tupu, isipokuwa mtamba mmoja kilema ambaye wezi hawakuona faida ya kumswaga. Siku chache kabla ya hapo, fundi Lemburis, mwenye kibanda cha redio na sola pale Kwa Mrombo, alikuwa amefika kuikagua mitambo ya taa hiyo. Mzee Saning'o alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema kwamba fundi aliiua taa kwa makusudi ili kuwafungulia wezi mlango. Mzee Saning'o hakuwa mtu wa kusema ovyo, na kijiji kizima kilimwamini. Sasa Lemburis alikuwa mahabusu, na Jumatatu angesomewa shtaka la kula njama na wezi wa mifugo.

Nani aliwachukua ng'ombe, hilo lilikuwa la askari waliokwenda Longido. Pudensiana alipewa taa: nani aliizima, na kwa nini.

Alianza na mtuhumiwa. Lemburis aliletwa akiwa ameshikilia suruali yake kwa mkono, maana mkanda ulibaki kaunta. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye meno ya rangi ya chai kama watu wengi waliokua kwa maji ya kule.

"Mke wangu bado yuko nje?" aliuliza.

"Naisiae yupo. Ameleta chakula. Anasema watu wenye hasira wamevunja kabati lako la vioo pale kibandani."

"Na redio za watu?"

"Hakuzitaja. Nieleze ulifanya nini kwa Mzee Saning'o siku ile."

"Nilikaza waya. Nikaongeza maji ya betri, yale yaliyochujwa, siyo ya bomba. Haya maji yetu, afande, kama yanayafanya meno hivi, betri je?" Alionyesha meno yake bila kutabasamu. "Nikapaka grisi kwenye vichwa. Nikamwambia betri imekonda."

"Imekonda?"

"Yule mzee ukimtajia volti anaanza kuangalia mlima. Kwa hiyo siku nilipomfungia mitambo nilimfundisha kwa lugha yake. Nilimwambia, hii betri ni ng'ombe. Paneli ni malisho. Hiki kisanduku, kontrola, ni mchungaji, ndiye anayezuia ng'ombe asivimbiwe na asikamuliwe mpaka damu. Taa ni maziwa. Alielewa palepale. Nina wateja wenye shule wanaoniuliza jambo moja mara nne, yeye hakurudia."

"Sasa ng'ombe huyu alikondaje?"

"Ukungu. Tangu mwezi wa sita mlima umejifunika, malisho hakuna. Na mzee anawasha taa ya zizi usiku kucha, na ya sebuleni juu yake. Nikamwambia punguza kukamua. Zima ya sebuleni, na ya zizi uiwashe kwa vipindi mpaka jua lirudi."

"Akasemaje?"

"Akasema ng'ombe wake hajawahi kukonda yeye akiwa hai. Nikajua ni maneno ya wazee tu."

Pudensiana alitazama suruali ya fundi. Kwenye paja ilikuwa na vitundu vingi vidogo, kama chujio.

"Hivyo ni vya nini?"

"Asidi ya betri. Ni mjanja huyo. Akikurukia leo huoni kitu. Mke wangu akifua ndiyo matundu yanatokea, na mimi natukanwa upya."

"Ikimwagika sakafuni?"

"Naimwagia magadi. Inachemka kama uji, halafu inatulia. Asidi ikishakunywa magadi haina nguvu tena."

Pudensiana aliandika, kisha akauliza swali ambalo mkubwa wake alikuwa amemwagiza aulize la kwanza. "Uliizima ile taa?"

"Afande, ningetaka kuizima ningechomoa waya mmoja, nikaenda zangu. Nani angejua?"

Lilikuwa jibu zuri, lakini hata wezi huwa na majibu mazuri.

*

Alipanda mlimani kwa pikapu ya Hans, dereva aliyekusanya maziwa kwenye vijiji vya upande ule na kuyashusha mjini. Hans alimteremsha kwenye njia ya ng'ombe akaahidi kumpitia akimaliza vituo vya juu.

Mzee Saning'o alikuwa amesimama kwenye lango la zizi tupu, mrefu, shuka nyekundu begani, fimbo chini ya kwapa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Polisi, baba. Sajenti Pudensiana."

"Polisi naona. Nimeuliza wa wapi."

"Kibosho."

"Eh! Wamenitumia Mchaga kutafuta ng'ombe." Mzee alimgeukia mkewe, Sinyati, aliyekuwa akitoka jikoni. "Hawa ng'ombe zao wanafungiwa ndani ya nyumba. Wanazaliwa na kufa hawajui jua ni nini."

"Ndiyo maana hawaibiwi, baba," alisema Pudensiana.

Sinyati aliziba mdomo kwa khanga. Mzee akacheka kidogo kupitia puani. "Ingia. Uliza unachotaka. Lakini mwizi mnaye tayari."

Pudensiana alianzia juu. Aliegemeza ngazi ukutani akapanda mpaka usawa wa bati. Paneli ilikuwa imefungwa kuelekea kaskazini, mahali pasipofikiwa na kivuli cha mti wowote. Alipitisha kidole juu ya kioo chake. Katika nchi ile ya vumbi la majivu, ambako hata majani ya migomba ni ya kijivu, kidole chake kilirudi kisafi.

"Nani anaifuta?" aliuliza kutoka juu.

"Mwenyewe," alijibu Sinyati. "Kila asubuhi kabla ya chai, kwa kitambaa chake maalumu. Miaka yote hii mimi sijawahi kufutwa uso namna ile."

"Wewe unatoa mwanga?" aliuliza Mzee.

Pudensiana alishuka. Alifuata waya kutoka kwenye paneli hadi ndani. Haukukatwa wala kuunganishwa upya. Aliufuata mwingine hadi kwenye taa ya zizi; nao ulikuwa mzima. Balbu aliichomoa, akaitikisa, akaichunguza kwenye mwanga wa mlango, haikuwa imeungua. Fyuzi ilikuwa salama. Kontrola iliyoning'inia ukutani sebuleni ilionyesha kitaa chekundu, chenyewe hafifu, kama mtu anayeongea kwa shida. Fundi aliyetaka kuharibu angeanza na vitu hivyo, na vyote vilikuwa vizima.

Betri ilikaa chini ya kontrola, ndani ya sanduku la mbao lenye mfuniko.

"Humo mnaingiza mikono, baba?"

"Sijagusa humo," alisema Mzee haraka. "Humo ni kazi ya fundi. Muulize yeye aliweka nini."

Pudensiana alipiga magoti, akafunua, akainamisha uso kutazama.

Akapiga chafya. Akapiga tena, mara tatu mfululizo, hadi machozi yakamtoka.

"Afya," alisema Sinyati kutoka mlangoni.

Sajenti alijifuta akaangalia tena, safari hii kwa mbali kidogo. Vichwa viwili vya betri vilikuwa na grisi mpya, kama Lemburis alivyosema. Lakini chini ya grisi madini ya risasi ya vichwa hivyo yalikuwa na mikwaruzo, ya meno ya kibanio.

"Nani aliunganisha kitu hapa bila kupitia kwenye kontrola?"

Sinyati ndiye aliyejibu. "Peter, mwanetu. Alikuja na televisheni na video siku ya kipaimara cha mtoto wake. Ilikataa kuwaka kule ukutani, akaibana hapo moja kwa moja. Tuliangalia mpaka ikazimika."

"Peter ndiye aliyenunua mitambo hii?"

"Ndiye. Baada ya maduka ya mjini kujaa vitu vya kila nchi. Alisema baba yake asilinde zizi kwa tochi kama mlinzi wa benki."

Kwa muda mfupi Pudensiana alidhani amempata aliyeizima taa. Mtoto wa mjini, televisheni, ng'ombe akakamuliwa mpaka damu mchungaji akiwa hayupo. Lakini alikwangua grisi kwa ukucha akaona mikwaruzo imejaa grisi hadi ndani. Basi ilikuwepo kabla fundi hajapaka. Lemburis aliikuta, akaifunika, na taa iliendelea kuwaka siku mbili baada ya hapo. Peter aliidhoofisha betri, hakuiua. Akamfuta kwenye orodha yake.

Ubavuni mwa betri kulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, iliyoanzia kwenye vifuniko na kuteremka hadi kwenye mbao. Kitu kilichemka humo kikafurika. Alifungua kifuniko cha kwanza. Maji ya ndani yalikuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele, na juu yake vilielea vipande vidogo vya kahawia, vyembamba, kama majani ya chai yaliyosagwa. Alifungua cha pili, cha tatu, na vilivyobaki. Vyote vilikuwa hivyohivyo.

Mtu alikuwa amevilisha vyumba vyote vya betri, kimoja kimoja, bila kukiruka hata kimoja. Adui angetosheka na kimoja.

*

Alimfuata Sinyati jikoni. Nje kwenye kamba ilining'inia shuka nyingine ya Mzee, imefuliwa, na upande wa kulia wa pindo lake ilikuwa na viraka vipya vingi.

"Yeyo," aliita, akimwita mama kwa Kimaasai chake kichache, "hii shuka imepatwa na nini?"

"Cheche," alisema Sinyati, akigeuza kuni. "Anakaa karibu na moto."

"Uliyaona matundu lini?"

"Nilipofua."

"Kabla ya kufua hayakuwepo?"

Sinyati alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Cheche haisubiri sabuni, yeyo. Inatoboa palepale, na pembeni pa tundu panakuwa pagumu, peusi. Haya pembeni pake ni laini."

"Wewe umekuja kupeleleza ng'ombe au nguo?"

"Nimepewa taa tu."

Sinyati aliketi kwenye kigoda chake. "Mimi ni mke wake," alisema hatimaye. "Ukitaka maneno yake, yako mdomoni mwake."

Pudensiana hakumsukuma. Alirudi uani, ambako Mzee alikuwa ameketi kwenye gogo akifungua kopo la ugoro. Pembeni yake kulikuwa na kinu kidogo cha mbao na gunia la magadi lililofunguliwa mdomo, mabonge ya kijivu yenye vumbi jekundu.

"Magadi yote haya ni ya ng'ombe, baba?"

"Ya ng'ombe. Na kidogo ya tumbaku."

"Ng'ombe mnawapa wakati gani?"

"Ng'ombe anasema mwenyewe. Ukimwona anakonda, analamba ukuta, analamba jasho la mwenzake, chumvi inamwisha mwilini. Unamtwangia magadi. Kesho anasimama." Alimnyooshea kopo. "Vuta kidogo. Kibosho hamvuti?"

Pudensiana alichukua chembe mbili kwa adabu, akaziinua puani, akapiga chafya. Mara tatu mfululizo, machozi yakamtoka.

Alipofuta macho aliangalia ndani ya kinu. Kwenye nyufa za mbao magadi na tumbaku vilikuwa vimeshikana, vyeupe na vya kahawia.

Wakati huo honi ya Hans ikalia njiani.

Pudensiana alimwomba Sinyati glasi mbili na bomba la sindano ya ng'ombe, lisilo na sindano. Alikwenda kwenye pikapu.

"Hans, naomba matone machache kutoka kwenye betri yako."

"Usinimalizie, mama, nina maziwa ya watu."

Alinyonya kidogo kwenye betri ya gari akatia katika glasi ya kwanza. Alisuuza bomba, akanyonya kutoka kwenye betri ya Mzee, akatia katika glasi ya pili. Aliziweka zote juu ya jiwe, uani, wote wakiwa wamesimama. Kisha akadondosha magadi kidogo katika glasi ya gari.

Ilichemka kwa kishindo. Povu lilipanda likamwagika juu ya jiwe. Hans aliruka nyuma akimtaja Yesu. Sinyati alirudi hatua mbili. Mzee Saning'o hakusogea. Hakuitazama hata hiyo glasi iliyochemka. Alikuwa akiitazama ya pili.

Pudensiana akadondosha magadi katika ya pili. Yalizama kimya hadi chini yakatulia, kama sukari kwenye maji baridi.

"Hans," alisema, "nenda kaangalie mikebe yako isije ikamwagika."

"Iko sawa, mama."

"Kaiangalie."

Hans akaelewa, akaondoka. Sinyati naye akajipa kazi jikoni. Pudensiana aliketi kwenye jiwe, chini kidogo ya gogo la Mzee, kama inavyompasa mtu mdogo.

"Watu wawili wameruka, baba. Wewe hukuruka, maana ulishaiona ikichemka."

Mzee alifunga kopo lake. Alilifungua tena, akalifunga.

"Fundi alisema amekonda," alisema. "Na kichwani alikuwa ameota chumvi nyeupe, niliiona kabla hajaipangusa. Chumvi inamtoka. Sasa mimi nimtazame tu? Aliniambia nipunguze taa. Niwaachie wezi giza kwa sababu ng'ombe mmoja ni mgonjwa?"

"Ukamtwangia magadi."

"Nilimpa kila mdomo sawasawa, nisimpendelee mmoja. Akatoa povu." Sauti ya Mzee ilishuka. "Povu jeupe, mwanangu, kama la maziwa yanayokamuliwa kwa nguvu. Nikasema amepona. Kesho yake taa ikawaka nyekundu, halafu ikafa."

"Ulipowaambia watu ni fundi, ulijua?"

Swali hilo aliliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia mengine, kwa sababu shtaka lolote lingine lingesimama juu yake.

"Sikujua. Mpaka leo nilidhani aliweka kitu kibaya, na dawa yangu ikashindwa." Alinyoosha fimbo kuelekea glasi ya pili. "Hii ndiyo imenieleza."

Pudensiana alipima jibu hilo. Mtu aliyejua asingefungua kopo la ugoro mbele ya polisi karibu na kinu chake. Lakini alikuwa amesema hajagusa sanduku.

"Uliniambia hujaingiza mkono humo."

"Niliona aibu kusema nimemtibu mgonjwa akafa. Hapa watu huniletea ng'ombe zao." Alimgeukia sajenti. "Lemburis atafungwa?"

"Mkubwa wangu asipopata maelezo kabla ya Jumatatu, atapelekwa mahakamani."

"Nenda sasa hivi na gari hilo."

"Siwezi. Hii betri ni kielelezo. Nikiiacha, kesho wakili yeyote atauliza nani alikuwa nayo. Nitakaa nayo hapa mpaka Land Rover irudi kutoka Longido. Nitaandika barua, Hans ataishusha."

Aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya mfuniko wa sanduku. Aliandika kwamba waya, fyuzi na balbu vilikutwa vizima. Kwamba betri ilikufa kwa kutiwa magadi katika vyumba vyote, baada ya fundi kuondoka, na mtu aliyekusudia kuiponya. Kwamba hakuna kilichomuunganisha Lemburis na wezi isipokuwa siku aliyofika. Na kwamba taa iliyofifia iliweza kuonwa na yeyote aliyepita barabara ya Namanga, bila kuambiwa na mtu. Aliomba mtuhumiwa aachiliwe.

Alimsomea Mzee. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umeandika 'mtu,'" alisema. "Mtu nani?"

"Jina lako liko kwenye maelezo nitakayochukua baadaye, baba. Barua itapita mikononi mwa Hans na kaunta."

"Fundi nilimtaja jina mbele ya mkutano. Andika Saning'o."

Akaandika Saning'o.

"Andika nilimpa kwa mkono wa kulia."

"Hilo halina haja kisheria."

"Andika."

Akaandika.

Bahasha aliyokuja nayo ilikuwa ya akiba ya zamani ya kituo, na gundi yake ilikuwa imekauka. Hata alipoilamba, haikushika. Sinyati alileta uji kidogo kwenye ncha ya kijiko, akapaka ukingoni, na Mzee Saning'o akaufunga mfuniko wa bahasha mwenyewe, akiubonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, polepole, kama alivyokuwa akiifuta paneli.

Aliichukua mpaka kwenye pikapu.

"Usiiweke na maziwa," alimwambia Hans.

"Naiweka kifuani, mzee."

"Na mke wa fundi, yule Naisiae, atakuwa pale kituoni. Mwambie mume wake akitoka aje huku. Asije na betri. Aje kwanza nimwambie neno, na watu wote wa mkutano wakiwepo."

Hans alitia barua ndani ya shati, akafunga kifungo, akawasha gari. Liliwaka mara moja.